Hidridi ya Kalsiamu

Jumatatu, 4 Mei
Uji, vidonge, kiti cha barazani. Imali amepita akitoka shule, kama kawaida. Ni binti wa binti yangu, kidato cha nne; huniita Kukhu, yaani bibi. Tumeandika fomyula za misombo ya ayoni. Kloridi ya sodiamu, kisha hidridi ya kalsiamu. Nimemwambia hidrojeni hutoa elektroni, na mtoaji huandikwa kwanza. Ameandika H₂Ca. Nikaweka alama ya vema. Miguu imevimba.

Jumatano, 6 Mei
Nimeamka nikijua. Ni CaH₂. Hidrojeni huipa klorini elektroni, lakini ikikutana na metali kama kalsiamu hupokea. Nimefundisha hili maisha yangu yote ya kazi. Kichwa kinaniacha. Mwanangu Shivachi akijua atanihamishia kwake Amalemba, na jioni hizi na Imali zitakwisha. Sina kazi nyingine iliyobaki. Nimenyamaza. Mwalimu wake atamsahihisha.

Alhamisi, 7 Mei
Hakumsahihisha. Mwalimu wake ni Ambani, niliyemfundisha mimi. Kwanza aliweka alama ya kosa. Imali akamwambia jibu limetoka kwangu. Ambani akafuta kosa, akaweka vema, akaandika H₂Ca ubaoni. Darasa zima likanakili.

Imali alinisimulia akicheka. “Kukhu, huyo mwalimu anakuogopanga mpaka leo.”

Huku kwetu mtu hamkosoi aliyemfundisha. Desturi hiyo imenifaa miaka mingi, na nimeipenda. Sasa watoto wa watu wataiandika hiyo H₂Ca kwenye mtihani wa taifa.

Jumamosi, 9 Mei
Moyo dhaifu. Daktari hakuficha. Kufa naogopa kidogo. Kuhamishwa naogopa zaidi. Hii ni aibu, lakini ndiyo kweli.

Nimemtuma Imali amwite Ambani.

Jumapili, 10 Mei
Amekuja baada ya kanisa, na mkate na sukari. Aliketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Nikamwambia nilikosea.

“Labda vitabu vimebadilika, Mwalimu.”

“Havijabadilika, na unajua. Ni kichwa changu. Kesho waandikie upya.”

“Nitawaambia nini?”

“Kwamba mwalimu wako amezeeka.”

Imali alikuwa mlangoni na chai. Nikawaambia na lile lingine, ambalo sijamwambia mtu: siku moja mwezi uliopita nilitafuta kichwani jina la marehemu mume wangu tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Ambani alitazama sakafu. Imali alimimina chai. Nilitarajia aibu kubwa kuliko hiyo.

Jumanne, 12 Mei
Ambani amerekebisha. Darasa limeandika CaH₂ na hidridi nyingine za metali, zote sahihi. Shivachi amepata habari. Anakuja Alhamisi na gari. Sitabisha.

Jumapili, 17 Mei
Amalemba. Chumba kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Mke wa Shivachi ananipikia obusuma, ugali wetu, laini. Ni mwema. Sipendi kukaa hapa.

Mchana Imali alikuja kwa bodaboda kutoka kwetu Khayega. Akaketi kitandani, akaandika oksidi ya alumini, akanionyesha: Al₂O₃. Nikaitazama. Sikuweza kujua kama ni sahihi. Nikamwuliza.

Akasema ni sahihi, akanieleza kwa nini, polepole. Nikamwambia aendelee na inayofuata.