Kengele ya Mama Kemunto

Keroka, Jumamosi, 1974

Toka hapa hadi Kericho hakuna fundi wa umeme wa kunishinda, na hata aliyeugundua huo umeme angekuwa hai angekubali kunishikia tochi.

Jana nilimwekea Mama Kemunto kengele ya wezi dukani. Yeye ni mshonaji, na cherehani yake ndiyo inayosomesha watoto. Nilipitisha nyaya mlangoni, nikaweka betri kuukuu ya lori chini ya meza. Jua likizama, akafunga mlango kwa kufuli. Kengele ikaanza kulia yenyewe!

"Nipe ufunguo, Mama, nirekebishe dakika moja."

"Weka bisibisi chini, wewe! Sabato imeingia."

"Waya mmoja tu!"

"Hata mmoja ni kazi. Utarekebisha kesho jua likizama."

Basi ikalia usiku kucha. Leo asubuhi Wakatoliki wakaniuliza kama sisi Wasabato siku hizi tunaitwa kwa kengele ya shule. Nikawajibu ndiyo, na wao waje watubu, wamechelewa.

Saa nane mchana, tukiwa kanisani, ikanyamaza ghafla. Watu wakasema amina. Mama Kemunto akanipiga bega: "Umeona? Mungu ni fundi kukushinda." Nilicheka mpaka mzee wa kanisa akanikazia macho.

Jioni tulikuta kufuli limevunjwa, mlango uko wazi, cherehani haipo.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nyaya niliziunga kinyume: mlango ukifungwa kengele inalia, ukifunguliwa inanyamaza. Sijamwambia.