Sahihi ya DC

Jumatatu, 4 Machi 1957
Hati tatu kabla ya chai. Vumbi limeingia kwenye taipu tena. Fomu yangu imefika kutoka Nairobi: ombi la kuwa mpokea viapo, mwenye ruhusa ya kuapisha watu na kutia sahihi hati zao. Wakili Desai, tajiri wangu hapa ofisini, ndiye aliyenisukuma. Macho yake hayasomi tena, na hati asiyoisoma hataki kuitia sahihi. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisoma fomu vizuri. Sahihi mbili za maafisa: jaji, hakimu au DC. Chifu haruhusiwi. Mchungaji haruhusiwi, hata aliyenibatiza. Wanaonijua hawawezi kusaini, na wanaoweza kusaini hawanijui. Upuzi mtupu.

Alhamisi, 7 Machi
Hakimu amesaini. Ananijua kwa sababu ya kumtafsiria kortini. Hakuinua hata uso.

Mama Wairimu, yule mjane, amekuja tena, kwa miguu kutoka shamba la mzungu upande wa Kiamunyi. Anahitaji hati ya kiapo kwamba marehemu alikuwa mumewe, la sivyo shemeji atachukua shamba lao la Nyeri. Nikamwambia aende kwa DC, naye huapisha. Akatikisa kichwa. Mumewe alichukuliwa kutoka ofisi ile ile, akafia kizuizini. Nikamwomba asubiri kidogo, nitamwapisha mimi. Nimeahidi mapema mno.

Jumatatu, 11 Machi
Kwa DC. Benchi limejaa. Karani wake akasoma fomu yangu kwa sauti: "Huyu anataka ruhusa ya kuapisha watu."

Waliokaa karibu nami wakasogea, mmoja mmoja, mpaka nikabaki peke yangu upande wangu. Siwalaumu. Tangu hali ya hatari ianze, neno kiapo lina maana moja tu hapa. Sisi wa ofisini tulikuwa tumesahau.

DC akaniangalia sana. Akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe kwanza apa kwa mimi. Shika Biblia, sema hapana kula kiapo ya Mau Mau. Halafu mimi naweka sahihi." Nirudi Alhamisi.

Jumatano, 13 Machi
Nilikula kiapo. Usiku mmoja, Elburgon, nikiwa nimeshikwa mikono na watu wawili. Hata mke wangu sijamwambia. Ni sentensi moja tu ya uongo, na Mama Wairimu atapata shamba lake.

Alhamisi, 14 Machi
Nilishika Biblia. Nikafungua mdomo. Nikafikiria watu wote watakaoshika Biblia mbele yangu, nami nikiwaonya wasiseme uongo. Nikairudisha mezani. Nikasema, "Siwezi, bwana."

Akaelewa. Fomu akaichana mara mbili. Pasi yangu, kibali cha kutembea, amebaki nayo. Kila Jumatatu niripoti. Naogopa. Naona aibu pia, kwa ajili ya yule mama.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwambia Mama Wairimu yote. Alijifunga kitenge, akaondoka.

Jumatatu, 18 Machi
Nimeripoti. Benchi lile lile. Watu walisogea kama kawaida.

Mama Wairimu akaingia. Sikumtarajia. Alisita mlangoni, kisha akaja kukaa kwenye nafasi ile tupu, bega kwa bega nami. Akaitwa, akaapa, akatoka na kidole gumba cheusi kwa wino na hati yake mkononi. Jina langu lilikuwa bado halijaitwa.

Angeweza kwenda zake. Akakaa tena, akaningoja.