Ndege Inayoegemea Juu ya Paa Letu

Nyumbani kwenu, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mkimbizi,

Miaka sita! Hata paka wa jirani akipotea hurudi siku moja kunusa mlango. Wewe unanitumia picha za sahani ulizolia chakula. Mimi picha ya sahani niifanyie nini, nilambe karatasi? Hebu ona aibu kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Haya, umeshaona aibu, sasa nakusalimu. U mzima? Kile kifua kimeacha kukubana? Unalala usingizi wa kutosha, au bado unakesha kama mlinzi? Mimi mzima wa kutosha kukuchapa. Magoti yanalia kama bawaba, na meno yamebaki ya kuchekea tu, lakini sauti yangu bado inafika kwa jirani wa nne, na yeye mwenyewe amelalamika.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku nne, kwa sababu yaliyomo sikutaka yapite kwenye masikio ya mtu mwingine. Mkono wa mtu asiyeujua mlango wa shule unakwenda kama kuku aliyefungwa mguu. Soma taratibu, wala usinicheke.

Nataka kukueleza habari za baba yako mdogo. Usikunje uso. Nakuona kutoka huku.

Najua ulichomwambia siku tulipomzika baba yako. Udongo ulikuwa mbichi na watu wamejaa. Karatasi ya wakubwa waliochunguza ajali ilisema baba yako aliishiwa mafuta angani kwa uzembe wake mwenyewe. Wewe ukakataa, na hapo sikulaumu, maana baba yako hakuwa mzembe hata wa kufunga viatu. Lakini ukamgeukia Spana, ndugu yake wa tumbo moja, fundi wa ndege aliyokuwa akiirusha baba yako, ukamwambia mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyemuua. Tangu siku hiyo hajagusa ndege ya kweli. Asubuhi anatengeneza pampu za maji za watu, mchana anaingia chumbani kwa baba yako na kufunga mlango.

Mle ndani anajenga ndege. Usiogope, hairuki. Ni ya kwenye kompyuta, ile michezo ya kurusha ndege ukiwa umekaa nyumbani. Mchezo wenyewe ulikuja na ndege zake, yeye akazikataa zote. Alitaka ileile ndogo ya baba yako, yenye viti viwili mbele na mizigo nyuma, bawa likiwa juu kama mwamvuli. Kwa hiyo anaiandika yeye mwenyewe kwa namba: uzito wake, urefu wa kila waya, nguvu ya injini, mafuta kiasi gani bawa hili na kiasi gani bawa lile. Miaka miwili sasa. Dirisha amelifunika kwa turubai ili picha ionekane vizuri. Spika moja kubwa ameifunga chini ya mbao za sakafu. Yule seremala wetu, Msumari, ndiye aliyetengeneza kile kibanda chenye viti na mlango. Alipomaliza alisimama akajikuna, akasema, “Mama, mimi natengeneza vitanda na majeneza. Hiki sijui nikiweke upande gani.” Hajaingia tena mle ndani. Chai yake anainywea uani.

Mara ya kwanza Spana aliwaita marubani wawili waliowahi kuirusha ile ya kweli. Wakakaa, wakairusha, wakampiga mgongoni. “Safi, Spana, ndiyo yenyewe!” Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Nikasema siyo.

Wakacheka. Spana hakucheka. Alijua kwamba miaka miwili mfululizo baba yako alinipeleka kila mwezi kwa daktari wa mgongo, nimekaa kiti cha kulia, na mikoba yangu magotini. Akaniambia, “Mama, keti. Niambie siyo wapi.”

Basi nikawa fundi, mume wangu, mimi nisiyejua kuwasha hata redio bila kugombana nayo. Nikamwambia ile ya kweli ilikuwa inalia puani, hii inalia kooni. Akakaa wiki nzima na sauti hiyo mpaka ikapanda puani. Nikamwambia sakafu ilikuwa ikiniwasha nyayo kabla haijaacha ardhi, na ikishaacha, mwasho unahamia magotini. Akahamisha spika. Akaniomba hata nipande mizani, eti uzito wangu uingie kwenye hesabu za kiti cha kulia. Nikamwambia mizani ile ni ya magunia. Akasema, “Ndiyo sababu nimeileta.” Hana adabu, na siku hiyo nilifurahi kumsikia akitania.

Mlango ulitushinda wiki mbili. Ule wa kweli ulikuwa unagonga kama kijiko ndani ya kikombe, lakini ikianza kuteremka tu. Siku alipoupata, nilisikia baridi kwenye mikono. Harufu ya petroli ilinijia, na mle ndani petroli haimo. Nikageuka kushoto, nikamwambia baba yako apunguze mwendo, tumbo linanipanda. Nikamwita kwa jina lake. Aliyekaa pale alikuwa Spana.

“Mama,” akasema polepole, “umeniitaje?”

Nikasema nataka maji.

Kuna kitufe ukibonyeza unaiona ndege kwa nje, kana kwamba unaruka pembeni yake. Bora nisingekijua. Inapita juu ya mashamba, juu ya barabara, vioo vinang'aa, na ndani viti vitupu. Usukani unazunguka wenyewe. Nikamwambia Spana amchore mtu basi, haipendezi hivyo. Akasema, “Nimejaribu. Kila uso ninaouweka unanitazama mimi.”

Na nyumba yetu ameichora. Paa na lile bati jipya upande mmoja, tangi la maji, kamba ya nguo. Nilitafuta uani nikaona hakuna mtu. Nikamuuliza mimi niko wapi. Akasema hajaniweka. Nikasema, “Sasa nani anaipungia mkono?”

Hapo ndipo lilipoanza lile jambo nililokusudia kukuandikia. Unakumbuka, au pengine ulikuwa mbali na nyumbani siku hizo, kwamba miezi ile ya mwisho baba yako alipokuwa akirudi na mizigo, saa kumi kasorobo, alipita juu ya paa letu na ndege ikainamisha bawa la kushoto. Kidogo tu, kama mtu anayekuinamishia kichwa njiani. Mimi niliacha kila kitu nikatoka uani na kitambaa changu cha kichwani, nikapunga kama mwehu. Nilikuwa natangaza mtaa mzima: mwanangu hapiti bila kunisalimu. Hata siku ya mwisho alinisalimu. Siku hiyo hakutua. Walimwambia kwa redio aunganishe, apeleke dawa mji wa mbele, mafuta yanatosha. Ikainama, ikanyooka, ikaenda.

Nikamwambia Spana, ndege yako hainisalimii. Iko sawa yote, lakini ikifika juu ya paa inapita kavu. Akasema kuinamisha bawa ni kazi ya mkono wa rubani, siyo ya ndege. Kisha akanigeukia. Akaniuliza, “Alikuinamia hivyo ulipokuwa umo ndani?” Nikafikiri. Hapana. Siku nilizokuwa ndani haikuinama hata mara moja.

Siku tatu alishinda na namba zake. Siku ya nne akaniita. Akanitoa kwenye kiti changu cha kulia, akaniketisha kwenye kigoda. Akafuta uzito wangu kwenye namba, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiizuia isiegemee kushoto. Akaweka wa baba yako upande wa kushoto. Halafu akafanya jambo moja zaidi: juu ya bawa la kushoto kuna kibomba chembamba kama mrija, tangi la mafuta linapumua kupitia hapo. Nyigu wanapenda kujenga matope ndani ya vibomba vya namna hiyo. Akakiandika kama kimeziba nusu.

Akairusha kutoka kule mizigo ilikokuwa ikitoka. Saa mbili nzima tukaruka, mume wangu, mchana kweupe nje, sisi tumo gizani. Mafuta ya kulia yalikuwa yanakwisha, ya kushoto yanabaki, hayapati pumzi ya kushuka. Paa letu likatokea. Spana akaachia usukani akaweka mikono magotini.

Ikainama. Vilevile. Kama mtu anayekuinamishia kichwa njiani.

Nikaruka kutoka kwenye kigoda, nikapiga makofi, nikapiga kelele, “Hapo! Ndiyo hiyo! Umempata!” Nikamwangalia Spana. Mashavu yalikuwa yamelowa.

Hakuizima. Akaiacha ipite uwanja, iende kule mbele. Dakika kumi na mbili baada ya paa letu injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Chini palikuwa shamba lenye miti mitatu. Unalijua shamba hilo. Nusu ya mafuta ilikuwa bado imo kwenye bawa la kushoto, na wakubwa hawakuyaona kwa sababu moto uliyala yote.

Sasa nisikilize vizuri, maana nikiandika hili mara moja siwezi kuliandika tena.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile, baba yako na Spana walikuwa wakila kwangu. Baba yako akasema, “Spana, ile ndege siku hizi inaegemea kushoto nikikaribia nyumbani.” Spana alikuwa ameshatoa kalamu. Mimi nikaingilia na mwiko mkononi. Nikasema, “Iacheni iegemee! Inamsalimia mama yake na rubani. Atakayeitengeneza asile kwangu.” Tukacheka sote watatu. Baba yako akasema, “Basi, mama kashaagiza.” Spana akairudisha kalamu nyuma ya sikio. Kwenye uwanja yule mjaza mafuta alikuwa anajaza mpaka juu na kuondoka zake, na nani angemuuliza tangi lipi lilimeza zaidi? Kila mtu mtaani alijua ni salamu ya mama.

Baba yako hakuzembea. Spana hakuacha kukaza nati. Ni mimi niliyeuona ugonjwa nikauita heshima, nikaupungia kitambaa. Nilimwambia Spana hivyohivyo. Akasema hapana, fundi ni yeye, alipaswa kupanda juu na kutazama hata kama mama yake ana mwiko. Tumebishana mpaka tumechoka. Yeye anang'ang'ania ni lake, mimi nang'ang'ania ni langu, na wewe uko huko umeshamtwika yeye tangu zamani.

Wiki iliyofuata alikizibua kile kibomba kwenye namba zake. Mafuta yakashuka pande zote sawasawa. Akairusha tena kutoka kulekule, na injini haikukohoa, ikapita lile shamba, ikafika mji wa mbele, ikatua. Nililia kama mtoto. Dawa zimefika, nikasema, kana kwamba kuna mgonjwa aliyekuwa akingoja.

Lakini mume wangu, juu ya paa letu iliinama.

Spana akarudia namba zote. Akarusha tena kesho yake, mikono magotini, uzito umesawazishwa, upepo hakuna. Njia nzima imenyooka kama kamba ya nguo. Juu ya paa ikainama, ikanyooka, ikaenda. Mara tano sasa nimeona kwa macho yangu. “Mama,” akaniambia, “hiyo sikuiandika.” Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Alikuwa amepeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Nikamshika kiganja. Nikasema, usiguse.

Sijui ni nini. Msumari ninapomwambia anaondoka na kikombe changu. Mimi siogopi kilichomo ndani ya ndege. Naogopa kwa ajili ya huyu aliyekaa mbele yake. Sasa anaingia mle hata pampu za watu hajamaliza. Amekonda, shati linamning'inia. Anaongea na kiti cha pembeni, anasita kidogo kama mtu anayejibiwa. Nimeshazika mmoja. Wa pili sitaki kumwona akikauka kwenye kibanda cha Msumari akingoja msamaha kutoka kwa viti vitupu, wakati mwenye kuutoa yu hai na ana nauli.

Msalimie mkeo, mwambie namngojea nimwone anavyotembea. Mbusu yule mdogo mashavu yote mawili, la kushoto na la kulia, usimpunje. Shangazi yako anakusalimu, na Msumari naye, kwa mbali. Mungu akufunike usiku na akuamshe na akili nzuri, na njia utakayoishika akuondolee mawe.

Ukija, usinitafute mimi kwanza. Usiweke mzigo chini, usinawe hata uso. Zunguka mlango wa nyuma, ingia mle chumbani, ng'oa lile turubai dirishani, umwambie baba yako mdogo kwamba ulikosea. Umshike mkono umtoe nje kwenye jua. Mimi nitakuwa nimekaa palepale barazani, na mkishafika ndipo unigombeze mpaka uchoke.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Bibi yako.