Irembo Letu Haliingiwi Bila Hodi

Konsolata mwanangu,

Nina miaka sabini na saba. Vita havikuniweza, ziwa halikuniweza tulipolivuka, kipindupindu cha kambini hakikuniweza. Mama yako nilimzika kule mlimani, na sasa nimekuzika wewe hapa. Nimekasirika, nakwambia wazi. Hata wewe nimekukasirikia: nani alikutuma utangulie?

Dezire, yule uliyemfundisha kompyuta pale kituoni, ameharibu mchezo wako ulioutunga. Watu huniuliza, mzee, mchezo gani huo usio na picha? Nawajibu: mtoto anaandika anataka kwenda wapi, kompyuta inamwambia anaona nini. Na anachokiona ni mlima wetu wa Burundi, maneno nimeyatoa mimi! Wewe uliondoka mdogo, hukumbuki kitu. Ulikuwa unauliza, "Baba, ukisimama pale unaona nini?" Nikisema ziwa, unagomba: "Ziwa kila mtu analo. Karibu na mguu wako kuna nini?" Ndipo nikakutajia jiwe la kunolea majembe, lililoliwa katikati. Nani mwingine angelikumbuka?

Sasa Dezire kafuta. Pale kwenye irembo, mlango wa ua wetu, kaandika: "Uko kijijini. Kuna nyumba nzuri ya bati la bluu." Bati! Na mchezaji anapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama yako, bila hodi, kama mwizi wa mbuzi. Eti watoto hawapendi maelezo marefu. Nikamwambia arudishe. Akacheka: "Mzee, jina lako lenyewe unaliandika kwa jasho, utaweza mchezo?"

Nikamtoa kwenye kiti. Nimeandika kwa kidole kimoja mpaka wakataka kufunga kituo: "Simama. Hapa ni irembo la Bukuru. Jiwe la majembe liko kulia. Piga hodi au rudi ulikotoka." Kuandika nimeandika! Msichana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa kambini, akaandika hodi. Yakatokea maneno yako uliyoyaficha humo, yale Dezire hakujua yalipo: "Mama anafuta mikono. Anasema karibu, tumekungoja."

Sikulia. Wasikudanganye.

Lala, mwanangu. Kila wakifungua kituo nitakuwa kwenye kile kiti, na atakayegusa ua wetu atanikuta. Anayebisha kwamba niliandika mwenyewe, amuulize Mama Yudita wa Kidahwe, anayeuza mihogo pale mlangoni. Ndiye aliyenipangusa uso.

Baba yako,
Bukuru