Siku Bibi Alipoitika

Mitole,
Kilwa.
15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Moza,

Shikamoo. Ni mimi Warda, mtoto wa kaka yako Abdurahmani, ambaye unanijua kwa picha na kwa sauti ya simu tu. Hujambo huko Tabora? Miguu je, bado inavimba? Baba alituambia mara ya mwisho mlipoongea ulikuwa huwezi kusimama muda mrefu. Na Baba Sabiri, na Sabiri mwenyewe, na Naziya, wanaendeleaje? Nataka kusikia kuwa wote mmeamka na afya.

Sisi hapa tunashukuru. Mama hajambo, Baba hajambo. Bibi, mama yenu, macho yamepungua sana, lakini masikio anatushinda wote nyumbani. Idi imepita. Ufuta tumeshakata, uko uani umesimamishwa unakauka, na nyumba nzima imejaa vumbi lake.

Utashangaa mtoto wa siku hizi anakuandikia barua badala ya kukupigia. Nilitaka kupiga, Bibi akakataa. Alisema jambo hili limekuja kwa sauti, basi lisipelekwe kwa sauti. Nimekaa hapa kizingitini ninaandika, na yeye yuko pembeni yangu, kila mara ananiuliza nimefika wapi.

Nianze na habari njema. Shuleni kwetu nimechaguliwa kwenda kisiwa cha Reunion, kile cha Wafaransa kilichoko mashariki ya Madagaska, kwa mabadilishano ya lugha. Tunakwenda wanafunzi wanne na mwalimu wetu wa Kifaransa, Madamu Cecilia. Nitakaa katika nyumba ya msichana anayeitwa Lorine, tutaingia naye darasani, kisha shule zao zikifungwa nikae siku chache za likizo. Mwakani yeye atakuja kwetu. Pasipoti imetoka, chanjo nimechomwa, na sanduku la magurudumu nimeazimwa na Mzee Mohamedjaffer wa dukani Masoko. Mama amenunua sweta la mtumba maana kwa akina Lorine ni milimani na mwezi huu kuna baridi.

Ili tuzoeane, mimi na Lorine tumekuwa tukipigiana simu za video tangu mwezi wa nne. Mimi nasema Kifaransa changu cha kubabaisha, yeye ananirekebisha, kisha anajaribu Kiswahili tunacheka. Hapa nyumbani nilikorudi likizo mtandao unashika vizuri pale dirishani tu, kwa hiyo kila mtu anasikia.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, alasiri moja, tuliongea, na bibi yake Lorine alikuwepo. Anaitwa Madamu Adeline, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Lorine akaniambia kuwa bibi yake ana maneno ya kuwaitia watoto waliotawanyika uani ili warudi ndani. Aliyapata kwa mama yake, naye kwa mama yake, huko nyuma kabisa. Hakuna anayejua ni lugha gani. Walidhani ni ya Madagaska, wakamuuliza jirani yao wa huko, akasema siyo. Madamu Adeline akasogea kwenye simu, akaweka mikono mdomoni, akaita:

"Rudinee! Mazi yanazaa! Rudinee!"

Shangazi, niliyaelewa papo hapo. Hata kabla sijafungua mdomo kumwambia Lorine kuwa ile si lugha ya ajabu, ni "rudini, maji yanajaa", nilisikia ungo ukianguka nyuma yangu. Bibi alikuwa akipepeta mchele. Ulikuwa umemwagika wote sakafuni, naye amesimama, mdomo ameufunika kwa mkono kama mtu anayejizuia kutapika.

"Zima," aliniambia. "Zima hicho kitu, Warda."

Unaujua mwiko wa nyumba yetu. Mtu akiitwa kutoka nje na hamwoni anayemwita, haitiki. Hasemi abee. Anatoka kimya kimya akatazame. Mimi nimeadhibiwa shuleni kwa ajili hiyo, matroni akiniita kutoka nje ya bweni nami nikikaa kimya, wakidhani nina kiburi. Sikuwahi kuambiwa sababu. Jioni ile Bibi alituambia.

Alisema asili ya mama zake ni Pande, pwani. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akienda na binti zake kuokota kombe za kitoweo bahari ikitoka. Yeye huokota huku, wao huchezacheza kule, na maji yakianza kurudi huwaita kwa maneno hayo hayo. Siku moja alishikwa na homa, akalala ndani, mabinti wakaenda peke yao. Maji yalikuwa bado mbali. Wakasikia mama yao anawaita kutoka kwenye mikoko. Sauti yake kabisa, hata kile kikohozi chake kidogo baada ya kuita. Mdogo akaitika abee, akakimbia. Mkubwa alikuwa amechomwa na mwiba akabaki nyuma, naye ndiye aliyeona kuwa pale kwenye mikoko hapakuwa na mama yao.

Baba akamuuliza palikuwa na nani.

"Mtu aliyejifunza sauti yake," Bibi akasema. "Alikaa siku nyingi anasikiliza, mpaka akaijua."

Yule mdogo hakuonekana tena. Zilikuwa zama zile meli zikija Kilwa kuchukua watu, na katika historia tumesoma kuwa zilizokwenda visiwa vya Wafaransa zilikuwa nyingi. Mama yao akahama pwani, akaja huku bara ambako bahari haisikiki, akakataza uzao wake wote kuitika. Mimi nadhani yule mtoto alifika. Alifika, akazaa, akawaita wanawe kama alivyoitwa yeye. Nilimwambia Bibi hivyo. Aliniuliza tu, "Nawe unakwenda kujifunza kusema kama wao?"

Kama mambo yangeishia hapo ningekusimulia kwa simu tu. Lakini kesho yake, baada ya alasiri, tulisikia mtu anaita kutoka upande wa mikorosho.

"Rudinee. Mazi yanazaa."

Ilikuwa mbali, na ilikuwa vilevile kama alivyotamka Madamu Adeline. Mama alinitazama, mimi nikaitazama simu. Ilikuwa imezimika, haina chaji. Mbuzi waliacha kula, wote wakageuzia vichwa upande mmoja. Baba akachukua panga akaenda kutazama. Alikawia. Aliporudi alisema hakuona mtu, lakini kandambili zake zilikuwa zimelowa na miguu imelowa mpaka kwenye vifundo. Shangazi, Mitole majira haya ni kavu kabisa. Alipoketi kunawa, tulisikia harufu ya tope la mikoko. Alijimwagia maji mara nyingi, harufu haikutoka mpaka siku ya pili.

Ikawa inaita kila alasiri. Majirani hawakusikia kitu. Na kitu kilichonitisha kuliko vyote ni kuwa ilikuwa inajifunza. Siku za mwanzo ilikosea kama Madamu Adeline. Halafu ikaanza kujirekebisha, kidogo kidogo, kama mimi ninavyohangaika na ile "r" ya Kifaransa inayotokea kooni. "Mazi" ikawa "maji". "Yanazaa" ikawa "yanajaa". Ikapata lafudhi yetu ya huku, ile ya Kimatumbi ambayo Madamu Cecilia hunitania nayo. Na siku ya Idi yenyewe, tukiwa tunakula, ilinena kwa sauti ya Mama. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, kijiko mkononi, mdomo umefungwa, na sauti yake iko nje inatuita turudi.

Hakumaliza chakula. Aliingia chumbani akalia.

Baba aliamua nisiende safari. Alisema atamwambia Madamu Cecilia naumwa. Sikubishana naye, Shangazi, lakini moyo uliniuma. Mimi ni wa kwanza katika ukoo huu kufika kidato cha tano, na ile nafasi niliipata kwa kukesha na kamusi. Tena nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Kila nilipofanya mazoezi ya Kifaransa kwa sauti, nilijiona kama nimekaa mle kwenye mikoko, nasikiliza sauti ya watu ili niwaibie. Nikaacha mazoezi. Lorine akipiga sipokei.

Sasa nikueleze ya juzi Ijumaa. Bibi aliswali alasiri, akajifunga kanga mpya ya Idi, akaniambia nimshike mkono nimpeleke uani. Baba alijua anachotaka kufanya, akamwambia, "Mama, usifanye hivyo. Tumekaa miaka yote hii." Bibi akamjibu, "Ndiyo maana yule mtoto aliyepotea anaita miaka yote hii. Nani amewahi kumjibu?"

Tukasimama kati ya ufuta. Kukawa kimya. Kisha ikaita, karibu sana, nyuma tu ya miganda ya mwisho, na safari hii ilikuwa sauti ya Bibi mwenyewe. Hata kikohozi kidogo kikafuata. Akavuta pumzi, akaitika kwa sauti kubwa ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Abeee! Tumerudi! Tumo ndani sote, hakuna aliyebaki majini! Nawe njoo, mwanangu, njoo ndani!"

Hakuna kilichojibu. Upepo haukuwepo, ufuta haukutikisika. Lakini kuku wetu alikuwa uani na vifaranga vyake, na niliviona kwa macho yangu vikigawanyika pande mbili ghafla, kama vinavyofanya mtoto akikatiza mbio katikati. Pazia la mlango likainuka, likashuka. Bibi akageuza kichwa kulifuata, yeye asiyeona hata chai kikombeni.

"Amepita," akasema. "Mdogo hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini kidogo ya kiuno changu.

Tukaingia. Bibi alitandika mkeka, akaweka sahani moja ya wali mahali ambapo hapakukaa mtu, akaifunika kawa. Tuliketi naye mpaka magharibi. Sitakudanganya kuwa sahani ilikutwa tupu. Wali ulikuwa vilevile, ila umepoa. Lakini tangu hapo hatujaitwa.

Jana nikampigia Lorine kumwomba radhi kwa kunyamaza. Alikuwa na lake la kunieleza. Ijumaa bibi yake alitoka uani kuwaita wajukuu, akafungua mdomo, maneno hayakuja. Wakataka kumkumbusha mwanzo wake, nao wenyewe hawakuukumbuka. Wote, nyumba nzima, hawayajui tena. Walimpeleka kwa daktari wakihofia kiharusi, wakaambiwa ni mzima. Na yeye mwenyewe hana huzuni. Alimwambia Lorine anajisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Lorine akanisihi nimtamkie hayo maneno. Nikakataa. Nikamwambia, kwa Kifaransa ambacho kwa mara ya kwanza hakukirekebisha, kuwa nitamwambia nikifika, tukiwa tumetazamana. Baba alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakuelewa neno hata moja, lakini baadaye alikuja na sanduku la Mzee Mohamedjaffer, akalifuta vumbi la ufuta, akaniambia nianze kupanga nguo. Tunaondoka Alhamisi.

Sasa Bibi ananigusa goti. Anataka niandike linalokuhusu wewe, na anataka niliandike kama alivyolisema.

Anasema pengine hulikumbuki, ulikuwa mdogo mno. Alasiri moja ulikuwa unacheza nyuma ya nyumba, akasikia unasema abee. Alipotoka hukuwepo. Walikutafuta mpaka wakakupata kwenye barabara ya kwenda Kivinje, unatembea kuelekea baharini, nguo zimelowa, unasema mama yako yuko mbele yako anakuita. Wiki ile ile akakupakia gari kwenda kwa kaka yake aliyekuwa reli huko Tabora, kwa sababu ndiko mbali kuliko kote alikokujua na ndiko kusiko na bahari. Watu aliwaambia umekwenda kusoma. Nawe alikwambia hivyo hivyo. Hakuja kukuona, akiogopa sauti yake isikufikie na ile nyingine ikaifuata.

Baba anasema uliwahi kumwambia kwamba mama yenu alikuwa na watoto wanne, na wa ziada ulikuwa wewe. Bibi hakuwa anajua kuwa ulisema hivyo. Amejua leo asubuhi. Kisha akaniambia: "Mwandikie hivi. Sikumfukuza. Nilimficha."

Anakuomba urudi, Shangazi. Baba atakungoja Nangurukuru siku yoyote utakayosema, au Somanga ikiwa basi litakushusha huko. Mimi nitakuwa safarini, lakini natumaini nikirudi nitakukuta. Bibi anasema hatakuita. Atakaa hapa kizingitini, nawe uje karibu mpaka umwone uso. Godoro la chumba cha uani ameshaamuru lianikwe juani, na tangu asubuhi ameniuliza mara tatu kama unapenda mchuzi wa papa, nami sijui la kumjibu.

Nisalimie Baba Sabiri, Sabiri na Naziya, na umwambie Naziya nitamletea kitu cha Reunion. Mama anakusalimu sana, na Baba pia. Mungu aipe nguvu miguu yako na akufungulie njia.

Wako akupendaye, ingawa hatujaonana,

Warda Abdurahmani