Mbegu za Chui kwenye Mtungi wa Ambele

Jumatatu, 1 Juni

Uji wa ulezi, redio, kisha dukani kwa Ambele, daktari wa mifugo. Hayupo. Ameenda vijijini kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Ufunguo wake wa akiba ninao. Nimefungua mtungi wa naitrojeni ya kugandishia, nimeinua kopo la mirija mpaka mdomoni mwa mtungi, nimemulika kwa tochi. Mirija yenye mbegu za Chui ipo yote. Nimerudisha.

Chui, mbwa wangu, aligongwa na gari Pasaka akafa. Wa mwisho katika ukoo wa mbwa aliofuga baba kule kijijini Kate, mbwa wanaolinda bila kubweka ovyo. Mwaka jana Ambele alimkamua mbegu akazigandisha. Mjini wanacheka: Skola kaweka mbwa benki! Wacheke. Nimeandika makala chungu nzima kuwapinga wanaoamini kila mnyama bora hushuka kwenye ndege. Jike wa dada yangu Vero ataingia joto mwezi huu. Zaidi ya mirija hiyo sina kitu.

Jumatano, 3 Juni

Ambele kanikuta mtungi uko wazi. "Dada Skola, usiinue kopo juu hivyo. Ukitaka kujua, niulize mimi."

Nimuulize yeye! Mtu mwenye mikono safi angenishikia tochi. Anaficha nini? Kesho narudi.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya misa nimepita nyumbani kwa Mama Tuma, yule anayeuza vitenge vya kutoka Kasesya, mpakani. Uani kwake kuna mtoto wa mbwa. Soksi nyeupe mguu wa kushoto. Mkia umepinda ncha. Chui mtupu. Nimesimama pale kama niliyepigwa kofi.

Na nani hutibu mbuzi wa Mama Tuma? Ambele.

Jumatatu, 8 Juni

Nimekagua tena, taratibu, mrija mmoja mmoja. Yote ipo. Basi amebadilisha! Kachukua za Chui, kaweka za koko yeyote. Hesabu kutimia ndiko kunakonitia shaka zaidi. Namchukia.

Alhamisi, 11 Juni

Nimemfuata Mama Tuma kwenye meza yake sokoni. Nimemwambia mbele ya wateja kwamba anafuga mali ya wizi. Ameweka kitenge chini, ameshika kiuno.

"Mama mwandishi, mbwa wako alikuwa anakuja kwa jike wangu kila usiku. Nani aliniuzia mbegu? Si alizileta mwenyewe!"

Soko zima limeangua kicheko. Nimerudi nyumbani. Uongo. Chui nilimfunga mwenyewe.

Jioni nimezunguka nyuma ya banda. Chini ya uzio kuna tundu. Kwenye waya, manyoya meupe.

Hilo halimsafishi Ambele.

Jumanne, 16 Juni

Vero kamleta jike. Ambele ameyeyusha mrija mmoja kwenye maji ya vuguvugu, ameweka tone chini ya hadubini, akanipisha nitazame. Hakuna kinachotembea. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nikaanza kumfokea: mwizi, tapeli. Aliacha nimalize. Kisha akauliza kwa upole nimeinua lile kopo mara ngapi.

Likikaa mdomoni mwa mtungi, alisema, mirija inapata joto. Ukiirudisha inaganda upya. Kila mara mbegu nyingine zinakufa. Makopo ya mbegu za ng'ombe, ambayo sikuyagusa, hayana shida.

Vero alimfunga jike kamba, akaondoka naye bila kuniaga.

Jumamosi, 20 Juni

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Nimempelekea Ambele ufunguo wake. Kaupokea, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kisha kwa Mama Tuma. Leo anauzia nyumbani, na wateja wengi ni walewale waliocheka sokoni. Nimemwomba radhi mbele yao. Hakucheka. Amesema yule mtoto dume hamuuzi, ila akikua nimlete jike wa Vero. Kanisogezea kigoda.

Nimekaa. Mtoto wa Chui kaja kulala juu ya kiatu changu. Mteja mgeni akaingia uani. Mbwa kainua kichwa, kamtazama, hakubweka.