Nilijifanya Sisikii Sauti ya Yaya Wangu

Mama Agathe wa redio, nakusalimia, na ukisoma haya usitaje jina langu, ya wengine nimeyabadilisha, maana Kisangani hapa tunajuana. Nataka kuuliza juu ya kompyuta, lakini kompyuta si shida yangu yote.

Bwana yangu Isaïe iko na laptop ya magazini, duka anamofanya kazi, na tangu vita ianze ndiyo tunatumia kwa kuongea na yaya Wivine, dada yangu mukubwa, aliyekimbia Kanyabayonga na watoto wake na sasa wanalala ndani ya darasa huko Butembo. Hiyo laptop sauti yake inakuja na kwenda, munaongea vizuri, mara kimya, unaona midomo tu, ukitikisa waya ya écouteurs za masikio inarudi, siku nyingine hairudi mpaka uzime na kuwasha tena, na yaya amezoea, akiniona nashika sikio anacheka na kungoja.

Alors, siku moja ya Mungu, nyuma ya misa, akaniambia, "Mudogo wangu, tumechoka kulala juu ya sementi. Tutafutie njia tuje kwako," na mimi nikafikiria vyumba vyetu viwili, na mama mukwe aliyetoroka mapigano ya Lubunga, ng'ambo ya mto, analala salon, pale tunapopokea wageni, na Isaïe aliyesema hataki mutu mwingine tena, na mukono wangu ukaenda wenyewe kwenye sikio, nikasema, "Yaya, sauti imekatika."

Haikukatika. Akarudia polepole, akifungua mudomo sana ili nisome, na mimi natikisa kichwa. Kisha akamugeukia binti yake Gracia, aliyekuwa analia, akamuambia, "Usimukasirikie mama mudogo. Angesikia, angeshatuita."

Nilifunga machine nikaenda jikoni, nikakaa mbele ya sufuria ya pondu hata moto ukazimika.

Tangu siku ile akipiga sipokei. Nimemuambia Isaïe machine inakata sauti kila yaya akipiga, na kila jioni anaiinamia, anasema, "Ngoja, nitatengeneza, utaongea na yaya wako," na mimi naomba Mungu asiweze. Nifanye nini, mama?

*Mama Agathe anajibu:*

Binti yangu, tuanze na machine, ndiyo kazi rahisi. Ukitikisa waya na sauti inarudi, kasoro iko kwenye écouteurs ao kwenye tundu lake. Jaribu écouteurs za jirani. Kisha chomoa kabisa, usikilize bila waya. Sauti ikikaa vizuri, zima kompyuta na upanguse vumbi la tundu kwa pamba kavu, taratibu. Ikikatika hata bila waya, fundi aweke upya programu ya sauti. Muambie Isaïe hivyo leo, aache kutafuta ndani ya kompyuta kosa ambalo ni lako.

Maana umekosa. Sikulaumu kwa vyumba viwili, mji huu wote umejaa wageni wa vita. Ulishituka, na hilo naelewa. Lakini kushituka kulikuwa siku moja, na kukataa kupokea ni kila siku. Yaya wako akiamini utamuita, hatatafuta mahali pengine. Watoto wanangoja jibu ambalo wewe unalo.

Na bwana yako, ulimuuliza? Alisema hataki mutu mwingine. Je, alijua mutu mwenyewe ni Wivine? Mwanaume anayeinamia machine kila jioni ili uongee na dada yako, usimukatie hukumu mbele ya kumuuliza. Muambie yote, na ile ya kushika sikio pia. Aibu itakuuma, bon, ikuume.

Mukikubaliana kupokea wote, sawa. Mukiweza kumupokea Gracia peke yake kwanza, semeni hivyo. Mukishindwa, nenda parokia, ongea na watu wa Kivu wenzako, kuna wenye chumba. Kisha mupigie yaya wako, usipitishe kesho. Usitaje machine. Muambie, "Yaya, siku ile nilisikia." Usilie ili akuhurumie, ana watoto wa kubembeleza. Akikukasirikia, nyamaza umusikilize mpaka amalize.